Mizani haijui kutofautisha nyama na maji: tunaomba ultrasaundi kando ya kitanda cha mgonjwa wa figo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji ili nizungumzie jambo ambalo wagonjwa wa figo wa hapa Moshi huliuliza kila siku, na ambalo sisi tunaowahudumia hulijibu kwa makadirio mara nyingi kuliko tunavyopenda kukiri mbele ya watu. Swali lenyewe ni fupi. Mgonjwa akishashuka kwenye mizani, koti likiwa bado mkononi na kadi ya kliniki kwapani, humgeukia muuguzi na kusema: "Sista, leo mnavuta ngapi?" Anaulizia lita. Nyuma ya swali hilo kuna hofu ambayo kila aliyewahi kuunganishwa na mashine ile anaifahamu, kwa sababu tukivuta maji kidogo kuliko inavyotakiwa, usiku atashindwa kulala chali, na tukivuta kupita kiasi, presha itaporomoka katika saa ya tatu, misuli ya miguu itakaza mpaka apige kelele, na nyumbani atarudi akiwa ameshikiliwa huku na huku.

Mimi ni muuguzi katika kitengo cha kusafisha damu, na kazi hii nimeifanya kwa miaka kadhaa. Kwa msomaji ambaye Mungu amemwepusha na maradhi haya, nieleze kwa ufupi kwamba figo zikishindwa kazi, maji anayokunywa mtu pamoja na yale yaliyomo kwenye chakula hayana tena pa kutokea, kwa hiyo hujikusanya mwilini hadi siku ya matibabu, ambayo kwa kawaida huwa mara 3 kwa wiki, saa 4 kila mara. Kiasi cha kuvuta tunakipata kwa hesabu ya kutoa: uzito aliokuja nao mgonjwa, toa uzito wake mkavu, yaani ule uzito ambao mwili wake hauna maji ya ziada wala haujapungukiwa. Kwa kuwa lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1, mtu aliyekuja na kilo 65 ilhali uzito wake mkavu ni 62 atavutwa lita 3. Ni hesabu ya mtoto wa darasa la pili. Ugumu wote umejificha kwenye ile namba ya pili, kwa sababu uzito mkavu hakuna aliyezaliwa ukiwa umeandikwa kwenye paji lake la uso. Tunaukisia kwa kuangalia miguu, kupima presha, kusikiliza kifua na kumuuliza mgonjwa alivyolala, kisha tunauandika kwenye faili, na ukishaandikwa kwenye faili huheshimiwa kama vile umepimwa maabara.

Tulikuwa na mzee mmoja wa Kibosho, mtu wa maneno machache, ambaye kwa miezi mingi alikuwa mgonjwa wa kupigiwa mfano. Uzito wake mkavu kwenye faili ulikuwa kilo 62. Jumatatu moja alikuja na kilo 63 na nusu, jambo ambalo kwa mtu aliyekaa tangu Ijumaa bila kusafishwa lilitufurahisha, na nikampongeza kwa kujizuia kunywa. Nilibonyeza kwa kidole gumba juu ya muundi wake na ngozi ikarudi palepale. Hapakuwa na uvimbe. Lakini mkewe, aliyekuwa amesimama nyuma yake na kikapu, akasema: "Sista, mwenzangu siku hizi analala amekaa. Nimempangia mito mitatu, na bado saa nane za usiku anaamka kwenda dirishani kutafuta hewa." Nilisikiliza kifua kwa stetoskopu na sikusikia kitu cha maana. Presha ilikuwa 178 kwa 96. Daktari wa zamu aliandika karatasi ya kuomba kipimo, tukaipeleka kwenye chumba cha ultrasaundi, na jibu likaja kwamba foleni ya siku hiyo imejaa, mzee apelekwe Jumatano.

Sitaitaja hospitali hiyo, kwa sababu waliokuwa katika chumba kile walikuwa wanafanya kazi yao na foleni ya kina mama wajawazito ilikuwa imefika nje ya mlango. Kilichotuokoa ni bahati tu. Siku hiyo alikuwapo daktari kijana aliyekuja kujifunza nasi kwa muda, na kwenye mfuko wa koti lake alikuwa na kifaa chake mwenyewe cha mkononi, kikubwa kama mashine ya kunyolea, kinachochomekwa kwenye simu. Alimwamkia mzee, akaomba ruhusa, kisha akamimina jeli kwenye kiganja chake kwanza na kuisugua ipate joto, maana ilikuwa Julai na asubuhi za Julai hapa kwetu ni za sweta. Akaweka kichwa cha kifaa katikati ya mbavu mbili, chini kidogo ya mtulinga wa kulia. Kwenye kioo cha simu mbavu zilionekana kama vivuli viwili vyeusi, na kati yake ukapita mstari mweupe unaoteleza huku na huku kadiri mzee alivyopumua. Huo ndio utando wa pafu. Kutoka kwenye mstari huo ikashuka miali myeupe, mitatu, minne, mitano, ikafika hadi chini ya kioo bila kufifia na kusogea pamoja na pumzi, mithili ya taa ya bodaboda inavyopasua ukungu wa alfajiri kwenye barabara ya Marangu. Kati ya sehemu 8 za kifua alizopima, 6 zilikuwa na miali mitatu au zaidi. Kazi yote haikuchukua dakika tano, na mzee alikuwa bado anaulizia kama inauma.

Mapafu yalikuwa yamejaa maji, ilhali mizani ilikuwa inasema yuko sawa. Maelezo yake, yalipopatikana, yalituaibisha kwa urahisi wake. Mzee alikuwa amekonda. Hamu ya chakula ilimpotea kidogo kidogo tangu mwaka uanze, nyama ya mapaja ikayeyuka, na kila kilo ya nyama iliyoondoka ilijazwa na kilo ya maji, hivyo mizani ikaendelea kusoma namba ileile huku mwili ukibadilika ndani yake. Mizani inapima jumla. Haijui kutofautisha nyama na maji. Tulianza kumshusha nusu kilo kila alipokuja, kwa tahadhari, na baada ya majuma mawili na ushei uzito wake mkavu ukawa kilo 58 na nusu. Mkewe alikuja siku moja akatuambia kwamba mito miwili imerudi kwa wajukuu.

Nimesimulia habari ya mzee huyu kwa kirefu kwa sababu si ya ajabu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliolinganisha uvimbe wa miguu na sauti za kuchachatika zinazosikika kwa stetoskopu na kile kinachoonekana kwa ultrasaundi ya mapafu kwa wagonjwa wanaosafishwa damu, ulionyesha kwamba dalili hizo tunazozitegemea haziendani vizuri na maji yaliyomo kwenye mapafu; wapo wengi ambao miguu imekauka na kifua kimya, na kumbe mapafu yamelowa. Mtu aliyefundishwa tangu chuoni kubonyeza muundi na kuridhika hupata taabu kulipokea jambo hili, na mimi ni mmoja wao.

Inafaa pia msomaji ajue kwamba kwa miaka mingi vitabu vya tiba vilifundisha kuwa ultrasaundi haina kazi kwenye mapafu, kwa sababu mawimbi ya sauti hayapiti kwenye hewa bali hurudishwa, na pafu ni kifuko cha hewa. Hilo ni kweli, na ndilo lililogeuzwa kuwa faida. Pafu kavu huonyesha mistari ya mlalo tu, ambayo ni mwangwi wa ule utando unaojirudiarudia. Lakini kuta nyembamba zinazogawa vijisehemu vya pafu zikilowa, sauti hunaswa kati ya maji na hewa, ikirudi na kwenda, na kwenye kioo huonekana kama mwali wa wima. Daktari Mfaransa Daniel Lichtenstein, aliyefanya kazi katika wodi za wagonjwa mahututi, na wenzake waliandika juu ya miali hiyo mwaka 1997, na tangu hapo elimu hiyo imeenea hadi kwa madaktari wa moyo na wa figo. Uzuri wake kwetu ni kwamba miali hupungua wakati maji yakiwa yanavutwa, si kesho yake wala wiki ijayo, hivyo mtu anaweza kupima mwanzoni, akapima tena mwishoni, na kuona alichokifanya.

Lakini kifaa hiki hakitumiki kuongeza kiasi cha kuvuta tu, na hapa ndipo ninapoona faida yake kubwa zaidi, ingawa huzungumzwa kidogo. Tulikuwa na mama mmoja wa Himo, mfanyabiashara wa ndizi, ambaye vifundo vya miguu yake vilivimba mpaka kandambili ikaacha alama. Ndugu zake walikuja juu: "Vuteni maji, mbona mnamwacha amevimba hivi?" Tukavuta. Tukamshusha uzito mkavu kilo moja, kisha nyingine, na kila mara saa ya tatu ilipofika alibanwa na misuli, presha ikashuka hadi 80 kwa 50, na mara mbili alizimia kabisa tukalazimika kumrudishia maji yaleyale tuliyokuwa tumeyatoa. Miguu haikunywea hata kidogo. Alipopimwa kwa kifaa kilekile, mapafu yalikuwa makavu pande zote. Kisha daktari akaweka kichwa cha kifaa chini ya kidari, akitumia ini kama dirisha, akatafuta ule mshipa mkubwa unaorudisha damu ya sehemu ya chini ya mwili kwenye moyo. Akamwambia: "Mama, vuta pumzi puani kwa nguvu mara moja, kama mzee anayenusa ugoro." Mama akacheka, akavuta, na mshipa ukajikunja wote hadi kuta zake zikagusana. Kwa kawaida mshipa huo ukiwa na upana usiozidi sentimita 2.1, na ukipungua zaidi ya nusu mtu anapovuta pumzi hivyo, huchukuliwa kwamba shinikizo upande wa kulia wa moyo liko chini. Ukiwa mpana kuliko hapo na usiotikisika, damu imerundikana nyuma ya moyo. Wa mama huyu ulikuwa mwembamba na mtupu. Hakuwa na maji ya ziada. Alikuwa na kiu. Uvimbe wa miguu ulitokana na amlodipini, kidonge cha presha ambacho wengi wetu tunakijua na ambacho uvimbe wa vifundo ni moja ya athari zake zinazofahamika, uvimbe usioondoka kwa kuvuta maji wala kwa vidonge vya kukojoza. Kidonge kilibadilishwa, uzito mkavu ukapandishwa, na kuzimia kukakoma. Miezi miwili tulimtesa mama wa watu kwa sababu ya vifundo vya miguu.

Nimeona wasomaji wengine wakiandika kwamba wauguzi huvuta maji kwa haraka ili wamalize zamu. Sikatai kwamba haraka ipo, lakini chanzo chake kikubwa ni fedha na hesabu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba wagonjwa waliovutwa zaidi ya mililita 13 kwa kila kilo ya uzito kwa saa walifariki kwa wingi zaidi kuliko waliovutwa chini ya mililita 10. Kwa mtu wa kilo 60, mililita 13 ni mililita 780 kwa saa, au lita 3 na kidogo kwa saa 4. Sasa chukua mtu huyohuyo, ambaye kwa kukosa bima au kwa bima iliyokwama anakuja mara 2 kwa wiki badala ya 3, naye wikendi alikwenda msibani akanywa chai mbili, bakuli la mtori na soda, maana kwetu mtu hawezi kukaa msibani bila kupokea kitu. Anakuja na lita 4 na nusu. Kuyatoa yote kwa saa 4 ni kumvuta karibu mililita 19 kwa kila kilo kwa saa. Hapo muuguzi anatakiwa aamue ayatoe yote leo kwa hatari, au ayaache mengine kwa hatari nyingine, na anaamua akiwa na mizani na kidole gumba. Ultrasaundi haiongezi siku za matibabu wala hailipi bima, ila inamwonyesha kama mapafu yanaweza kungoja hadi Alhamisi au hayawezi. (Mtori, nadokeza kwa walioko nyumbani, ni maji, na ndizi zake zina potasiamu, madini ambayo figo zilizoshindwa kazi haziwezi kuyatoa vya kutosha. Mgonjwa akisema hajanywa kitu tangu jana, muulizeni alichokula.)

Ningekuwa simtendei haki msomaji kama ningesifia kifaa hiki bila kueleza mipaka yake. Jaribio kubwa lililofanyika hasa Ulaya na kuchapishwa mwaka 2021, lililohusisha wagonjwa zaidi ya 350 wa kusafishwa damu wenye hatari kubwa ya magonjwa ya moyo, liliwagawa watu kwa kura: kundi moja likavutwa maji kwa kufuata miali ya mapafu, jingine kwa njia za kawaida. Maji ya mapafu yalipungua kwa wale waliofuatwa kwa ultrasaundi, lakini vifo, mshtuko wa moyo na kushindwa kwa moyo vilipojumlishwa pamoja havikutofautiana kwa kiwango cha kuaminika kati ya makundi hayo mawili; tofauti ilionekana baadaye tu, katika uchambuzi wa ziada wa matukio yanayojirudia ya moyo kushindwa. Kwa hiyo anayesema kifaa hiki kimethibitishwa kuokoa maisha anasema zaidi ya yaliyopatikana. Mimi ninachosema ni kidogo zaidi, kwamba kinatuonyesha maji yako wapi, na mtu anayevuta maji kila siku anastahili kujua yaliko.

Tena miali si ya maji ya figo peke yake. Mapafu yaliyopata makovu, nimonia na kifua kikuu huweza kuitoa pia, na katika mkoa kama wetu ambako kifua kikuu hakijatuaga, anayeona miali upande mmoja tu, au sehemu moja tu huku utando ukiwa umekwaruzika, anatakiwa afikirie makohozi kabla ya kufikiria lita. Maji ya ziada kwa kawaida huonyesha miali pande zote mbili. Mshipa nao una hila zake: mwenye presha kubwa kwenye mishipa ya mapafu au vali ya moyo inayovuja anaweza kuwa na mshipa mpana hata akiwa hana ziada, na ukiupima mara tu baada ya kumtoa mgonjwa kwenye mashine utauona mwembamba kupita hali halisi, kwa kuwa maji yaliyotolewa kwenye damu bado hayajajazwa na yale yaliyo kwenye nyama. Wako wanaokwenda mbali zaidi, wakiongeza vipimo vya dopla, yaani ultrasaundi inayoonyesha damu inavyotiririka, kwenye mishipa ya ini, kwenye mshipa unaopeleka damu ya utumbo hadi ini na kwenye mishipa ya figo zenyewe, mfumo uliochapishwa mwaka 2020 na watafiti wa Kanada kutokana na wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa moyo. Huo ni wa wenye mashine kubwa na mkono uliozoea. Kwa kitengo chetu tungeanza na mapafu.

Nimesema habari za mashine ya kusafisha damu, lakini wodini kuna wenye uhitaji mkubwa vilevile, yaani watu ambao figo zao zimegoma ghafla kwa malaria kali, kwa kutapika na kuhara, kwa kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua, au kwa dawa za mitishamba ambazo hakuna anayezitaja mpaka siku ya tatu. Huyu hakojoi. Mmoja anasema apewe dripu kwa sababu amekauka; mwingine anasema dripu zisimame kwa sababu ameshapewa chupa sita na hakuna kilichotoka. Wote wawili wanaweza kuwa sahihi kwa saa tofauti za siku ileile. Kwamba maji ya dripu ni dawa yenye madhara kama dawa nyingine, tulifundishwa na utafiti uliofanyika hapahapa Tanzania pamoja na Kenya na Uganda na kuchapishwa mwaka 2011: kati ya watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu, waliopewa maji mengi kwa haraka walifariki 10.5 kwa kila 100 ndani ya saa 48, na ambao hawakupewa hivyo walifariki 7.3 kwa kila 100. Wale hawakuwa wagonjwa wa figo, na watoto wa kuhara hawakuhusishwa, kwa hiyo asije mtu akamnyima dripu mtoto anayeharisha kwa sababu ya barua yangu. Ninachotaka kionekane ni kwamba kumpa mtu maji bila kujua kifua chake kikoje kuna gharama.

Wapo watakaosema ultrasaundi ni kazi ya idara ya mionzi na kwamba wauguzi na madaktari wa wodini wakianza kuishika, makosa yatazidi. Hofu hiyo ina msingi, na mtu akitaka kujua kama figo zimesinyaa, zina mawe au njia ya mkojo imeziba, mahali pake ni kwa wataalamu hao na si kwetu. Lakini kuhesabu miali ya mapafu ni swali moja lenye jibu moja, na katika lile jaribio la Ulaya madaktari wa figo walifundishwa kwa masomo ya mtandaoni wakaweza. Hakuna mionzi, kifaa kinatumia sauti tu. Bei ya baadhi ya vifaa vya mkononi ni kama dola 2,000 hadi 3,000 za Marekani, takribani bodaboda mbili au tatu mpya, na kwa kuwa vinatumia chaji, umeme ukikatika havizimiki pamoja na taa. Tena si lazima tuanze kwa kununua. Hospitali nyingi zenye wagonjwa wa figo mkoani Kilimanjaro na Arusha tayari zina mashine ya ultrasaundi, na wataalamu wa mionzi waliopo ndio wangefaa kuwa walimu wetu, saa moja kwa wiki, huku picha chache zikihifadhiwa ili wazikague.

Wagonjwa wenyewe hawatapungua. Uchunguzi wa watu wazima uliofanyika katika wilaya za Moshi mjini na Moshi vijijini, uliochapishwa mwaka 2015, ulikuta ugonjwa sugu wa figo kwa watu 7 katika kila 100, mjini ukiwa asilimia 15.2 na vijijini 2, na takribani mmoja tu katika kila 10 wenye ugonjwa ndiye aliyekuwa anajua kwamba anao. Upandikizaji wa figo ulianza Muhimbili mwaka 2017 na katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2018, nasi tunawapongeza. Walio wengi, hata hivyo, wataendelea kulala kwenye viti vyetu na kuuliza wanavutwa ngapi.

Kwa hiyo ombi langu kwa waganga wafawidhi na wakuu wa idara wanaosoma gazeti hili ni dogo kuliko urefu wa barua yenyewe. Zamu ya kwanza ya kusafisha damu huanza saa kumi na mbili asubuhi, na wagonjwa wa Jumatatu, ambao wametoka kukaa siku nyingi kuliko siku zote bila kusafishwa, ndio wanaoingia kwanza. Chumba cha ultrasaundi hufunguliwa saa mbili. Mashine ya akiba, ile ndogo yenye magurudumu, hukaa humo usiku kucha ikiwa imefunikwa kitambaa. Naomba iletwe kwetu kwa saa hizo mbili pamoja na chupa ya jeli, na saa mbili ikigonga nitairudisha mwenyewe, nikiwa nimeifuta.

Wako,
Muuguzi wa kitengo cha kusafisha damu,
Moshi, Kilimanjaro